Tangazo langu la geti limepigwa kalamu nyekundu. Nisaidieni na hivi vitenzi vya Kiingereza

#1 MtunzaPloti · Jumatatu, saa tatu usiku

Wakuu, leo nimeaibika. Mimi hutunza ploti hapa Pipeline, Nairobi, orofa 7, nyumba 56. Ajenti huniambia nibandike tangazo kwa geti, na analitaka kwa Kiingereza kwa sababu nakala yake inaenda kwa faili. Jana jioni nilibandika hili. Nalinakili vile lilivyokuwa, msicheke sana:

"Each tenants are required to pays rent before the 5th. One of the tenants have broke the tap. Whoever did broke it should comes to the caretaker."

Asubuhi saa kumi na moja nikienda kufungua geti, nikakuta mtu ameshapita na kalamu nyekundu. Maduara 7. Chini ameandika "3/10, see me". Watoto wa shule walikuwa wanapita wakilisoma kwa sauti kama wako mbele ya ubao. Kufika saa mbili picha iko kwa grupu ya WhatsApp ya ploti na watu wanacheka mpaka machozi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne. Kuongea naongea. Lakini kitenzi kikifika kwa karatasi kinanigeuka. Tafadhali msiniambie "soma magazeti". Magazeti ninasoma. Nataka zoezi ambalo mtu anaweza kufanya akiwa amekaa kwa kiti cha plastiki akingojea maji yaje.

#2 Kasuku wa Kayole

3/10 si haba, bosi. Mwalimu wangu alikuwa ananipa 2 na kiboko.

Lakini kwani ni lazima Kiingereza? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Andika "Lipeni kodi kabla ya tarehe 5" uone kama kuna mtu atakupa maksi.

#3 MtunzaPloti

Kasuku, hiyo kesi peleka kwa ajenti. Mimi nataka mshahara wangu tarehe 30.

#4 Mwalimu Chaki

MtunzaPloti mwanangu, usikae hapo getini ukijiona mjinga. Nimefundisha Kiingereza miaka 31 kabla ya kustaafu, na hayo makosa yako 7 nimeyasahihisha mpaka kidole kikaota sugu. Huwa ni yale yale. Mengi yanatoka kwa Kiswahili chako, na ajabu ni kwamba Kiswahili hicho hicho ndicho kitakachokutoa.

Anza na "One of the tenants have". Sema hiyo kwa Kiswahili, haraka, bila kufikiria. Umesema "mmoja wa wapangaji amevunja". Hukusema "wamevunja". Sikio lako lilijua anayetajwa ni mmoja, na hao wapangaji wengine wametajwa tu ili tujue alitoka kundi gani. Ulipofika kwa Kiingereza ukaona "tenants" limekaa jirani na kitenzi, ukalisalimia hilo. Umempita mwenye nyumba sebuleni ukaenda kumwamkua mgeni.

Kwa hivyo kabla ya kuandika kitenzi, geuza sentensi kimoyomoyo na usikilize kiambishi kinachoanza. Gunia la mahindi limefika. Li-, gunia moja, basi "The sack of maize has arrived", hata kama ndani kuna punje zisizohesabika. Ufunguo wa milango yote umepotea: "The key to all the doors is lost". Idadi ya wapangaji imepungua: "The number of tenants has gone down". Lakini "A number of tenants have moved" Kiswahili chake ni wapangaji kadhaa wamehama, na hapo wa- inajitokeza yenyewe. Maneno karibu ni yale yale, mwenye sentensi ni mwingine.

Sasa nikwambie jambo lililonichukua miaka mingi kuliona. Kwa nini mtu mzima aliyesoma anaandika "he pay"? Kiingereza cha leo, ukiacha "be", kimebakisha alama moja tu ya nafsi kwenye kitenzi, ile "s" ya "he pays, she pays, it pays". Zamani walikuwa na "thou payest" na "he payeth", zikafa. Hiyo moja iliyobaki inakaa kwenye wakati wa mazoea, mambo ya kila siku. Na sisi mambo ya kila siku tunayasemaje? Mimi hulipa. Wewe hulipa. Yeye hulipa. Wao hulipa. Hu- haijali ni nani! Yaani pale pale Kiingereza kinapodai nafsi, Kiswahili kimeiacha nyumbani. Wewe mwenyewe umeanza uzi huu kwa "mimi hutunza ploti".

Dawa yake: usigeuze kutoka "hulipa", geuza kutoka "analipa". Ukiona a- mbele, weka s nyuma. Darasa langu moja lilikuwa linaimba "a mbele, s nyuma" likipiga deki. Analipa, "he pays". Wanalipa, "they pay". Vitu navyo vina a- yao: tangi linavuja, "the tank leaks", matangi yanavuja, "the tanks leak".

"To pays" ni rahisi. Anatakiwa kulipa, wanatakiwa kulipa. Kulipa haibadiliki, na "to pay" haibadiliki. Vivyo hivyo kitenzi kinachofuata "can, must, will, should" huwa uchi, hakivai kitu. "Should come", basi.

"Did broke" ina dawa tamu zaidi. Nilienda, sikuenda. Umewahi kumsikia mtu akisema "sikulienda"? Ile li- imeondoka kwa sababu ku- imeshabeba wakati. "Did" ndiyo ku- yao: "I went", "I did not go". Mzigo hubebwa na mmoja. Na "does" nayo imeshameza s, kwa hivyo "Does he pay?" na "He does not pay". Kwa tangazo lako hata "did" haihitajiki, kwa kuwa hukanushi wala huulizi. "Whoever broke it" inatosha.

Zoezi la kiti cha plastiki: chukua kitenzi cha kazi yako mwenyewe, usitafute cha kitabuni. Kifanyie mistari mitatu. Kila siku ninafagia, "Every day I sweep". Jana nilifagia, "Yesterday I swept". Tangu Jumapili sijafagia, "I have not swept since Sunday". Halafu rudia yote matatu ukimtaja mtu mwingine, "Every day she sweeps". Vitenzi vitano kwa siku. Fagia, funga, vunja, leta, andika.

#5 Mswahili wa Eastleigh

Mwalimu, shikamoo. Hiyo ya hu- nakuvulia kofia. Ila dawa yako ya viambishi ina mipaka, na usipomwambia kijana atarudi getini kupigwa kalamu tena.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nauza nguo hapa Eastleigh mwaka wa tisa huu. Siku moja nilimwandikia mteja kwamba "The trouser is torn, I will change it". Kwetu suruali hii imechanika, moja, mwisho. Akanijibu "are" peke yake, neno moja, kwa herufi kubwa. Kumbe Kiingereza kinahesabu miguu. "The trousers are torn", hata ikiwa ni moja iliyotundikwa kwenye henga. Miwani yangu imepotea, "My glasses are lost". Mkasi umepotea, "The scissors are lost". Ukifuata u- ya mkasi umepotea wewe.

Na kuna upande wa pili, kwetu wingi na kwao umoja. Habari zimefika, "The news has arrived". Nywele zake ni ndefu, "Her hair is long". Mizigo imefika, "The luggage has arrived". Vifaa ni ghali, "The equipment is expensive". Pesa zimeisha, "The money is finished". Maji yamekatika, nayo ni "The water is", haiwi "are" kamwe. Polisi ni kisa kingine: kwetu polisi amekuja, polisi wamekuja, yategemea walioshuka garini. Kwao "The police are here" siku zote. Akiwa mmoja ni "a police officer".

Halafu "pamoja na". Baba pamoja na watoto wamefika, ndivyo tusemavyo na ni sahihi. Kiingereza chao: "The father, together with the children, has arrived". Hao watoto wamewekewa mkeka pembeni, hawahesabiwi. Ukitaka wahesabiwe tumia "and".

Lakini mchawi mkubwa ni "kuna". Kuna mtu, kuna watu, kuna maji, kuna matatizo. Haigeuki. Ndiyo maana mtu anaandika "There is many problems" na haoni kitu. Hapo hakuna kiambishi cha kukusaidia. Itabidi uruke mbele, uone ni nini kilichopo, kisha urudi nyuma kuchagua "is" au "are".

#6 Kasuku wa Kayole

Mswahili, umesahau hapa ni Nairobi. Sisi tunasema maji imeisha, pesa imeisha, nywele yangu imekatika, habari imefika. Na Kiingereza kinasema "the water is, the money is, my hair is, the news is".

Kumbe sisi tulikuwa sawa miaka hii yote 😂😂

#7 Mswahili wa Eastleigh

Astaghfirullah.

#8 Mwalimu Chaki

Marahaba Mswahili. Umenikosoa kwa haki, hiyo orodha yako ningeibandika ukutani.

Kasuku amenichekesha mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Lakini asijipigie makofi mapema. Huyo huyo wa "maji imeisha" ndiye atakayesema "viatu yangu imeraruka", na akiipeleka hivyo kwa Kiingereza anapata "My shoes is torn". Umefaidi kwa maji, umelipa kwa viatu.

Ila kuna kitu Nairobi haijakipoteza. Hata kijana wa mtaani anayesema "viatu yangu imeraruka" hawezi kusema "mmoja wa wasee wamekuja". Kwa watu, a- na wa- ziko hai mpaka Kariobangi. Kwa hivyo MtunzaPloti, anzia kwa sentensi za watu. Hapo sikio lako ni la kuaminika. Vitu utavijumlisha baadaye, na kwa vitu jiulize swali moja tu: naweza kukihesabu kwa Kiingereza? "One shoe, two shoes", sawa. "One water, two waters", labda kwa hoteli. "One furniture" hakuna, basi "The furniture is".

#9 Msikilizaji

Nimesoma kimya kwa siku nzima lakini hapa lazima niingie, kwa sababu s mnayoizungumzia mimi inanilisha.

Kazi yangu ni kusikiliza sauti na kuichapa, mahojiano na mahubiri ya watu wa ng'ambo. Nalipwa kwa dakika ya sauti, na nikikosea sana faili linarudi. Mwaka wa kwanza yalikuwa yanarudi kila wiki. Nikaweka kile nilichochapa kando ya kile kilichosahihishwa, nikaona karibu kila kosa liko mwishoni mwa neno. "He work", "she ask", "it cost". Sarufi niliijua. Tatizo ni kwamba sikuwa nasikia.

Fikirieni: neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Mtu, gari, leo, kazi. Sasa "asks" inaishia kwa konsonanti tatu zimebanana. Ile s ya mwisho haina pa kushika, inaanguka kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa matatu Jogoo Road. Na kile usichokisikia hutakiandika.

Nilichofanya ni kuipa s irabu ya kuegemea. Sikufanyia mazoezi "pays" peke yake. Nilisema "pays on Friday" mpaka ikawa neno moja, pei-zon. "Lives in" ikawa liv-zin. "Worked at" ikawa wak-tat, na hapo ndipo nilisikia ile t ya mwisho kwa mara ya kwanza maishani. Hiyo "-ed" ina sauti tatu: "washed" ni t, "cleaned" ni d, "painted" ndiyo yenye id. Shuleni tulifundishwa kuisoma kama ilivyoandikwa, "wash-ed", kama majina mawili. S nayo ni tatu: "locks" ni s, "pays" ni z, "washes" ni iz.

Zoezi: jirekodi kwa simu ukieleza siku ya jirani yako, dakika mbili. "She wakes up at five, she opens a kiosk." Usisikilize leo. Ngoja kesho, shika kalamu, weka alama kila s uliyoimeza. Mara ya kwanza mimi nilikuwa nimemeza 11. Nilidhani simu ni mbovu.

#10 Mama Wawili

Samahani kuingilia. Mtoto wangu analia na ile orodha ya nyuma ya kitabu, "arise arose arisen" mpaka "write wrote written". Mwalimu anataka zote kwa kichwa kufikia Ijumaa. Kwani ni lazima?

#11 Mwalimu Chaki

Mama Wawili, vitenzi hivyo visivyofuata sheria ni kama 200, lakini mtu wa kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya hivyo siku nzima. Kumkaririsha kwa alfabeti ni kama kumtambulisha mgeni kwa watu wa kijiji ukifuata namba za vitambulisho. Mpeleke kwa familia.

Kuna familia ya wavivu, hawabadiliki kabisa: "cut, put, hit, shut, let, cost, hurt". Hao amalize leo. Familia ya i-a-u: "sing sang sung", na "ring, drink, begin, swim" wakifuata nyuma. Familia ya "-ought" na "-aught": "bring brought, buy bought, think thought, teach taught, catch caught". Familia inayofupisha sauti na kuongeza t: "keep kept, sleep slept, sweep swept". Wanaorudi nyumbani: "come came come, run ran run". Waliobaki ndio wa kukariri, na "break broke broken" ni mmoja wao. MtunzaPloti, ya tatu ndiyo hufuata "have". "Has broken". "Broke" inatembea peke yake.

Mwonye kuhusu mapacha wa uongo. "Find" ikipita inakuwa "found", lakini kuna "found" nyingine ya kuanzisha kitu, nayo hupita ikawa "founded". "Lie" ya kulala chini hupita ikawa "lay", ambayo pia ni "lay" ya kulaza kitu. Hapo hata Waingereza wenyewe huteleza, kwa hivyo asilie.

Na kuna mtego wa -me- ambao hauko kwa kitabu chochote nilichofundishia. Watu huambiwa -me- ni "have". Mara nyingi ndiyo: amelipa, "he has paid". Lakini amelala? Kila siku hapa mjini nasikia "Don't call him, he has slept". Kiingereza hiyo ni kusema alishapata usingizi wake. Anayekoroma sasa hivi "is asleep". Amesimama, "is standing". Amevaa, "is wearing". Amechoka, "is tired". Ikiwa -me- inaeleza hali aliyomo mtu sasa, tafuta "is". Na sisi husema nimefika jana bila shida, ila "I have arrived yesterday" haikubaliki. Ukitaja jana, "have" inatoka nje: "I arrived yesterday".

Kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, sarufi katika karatasi ya pili ni alama 15 kati ya 80. Si nyingi, na wengi huziacha mezani kwa sababu ya vitu hivi hivi.

#12 Kasuku wa Kayole

Mwalimu swali dogo. "Arsenal is" ama "Arsenal are"? Tuna ugomvi hapa kwa kinyozi.

#13 Mwalimu Chaki

Watangazaji wa Uingereza husema "Arsenal are", kwa kuwa wanawaona wachezaji 11. Mmarekani akiitaja timu ya Chicago kwa jina la mji atasema "Chicago is". Sisi husema Arsenal wanacheza, kwa hivyo tuko na Waingereza. Mwambie kinyozi aendelee kunyoa.

#14 MtunzaPloti · Alhamisi, saa nne usiku

Nimefanya siku tatu. Maji hayakuja Jumanne wala Jumatano kwa hivyo muda ulikuwepo. Nimejirekodi pia, nimemeza s 14, Msikilizaji nimekupita. Mwalimu nisahihishie hizi, zote ni za ploti:

"Every tenant has a key."
"There are two bulbs missing on the third floor."
"The water from the tanks is not for washing cars."
"The children of house 14 plays on the stairs."
"The landlord, together with the agent, is coming on Saturday."
"I have bought a new tap yesterday."
"The agent insists that every tenant pay before the 5th."

Hiyo ya mwisho niliisahau s. Nimeiona nikiwa nimeshaiandika, nikaiacha uone makosa yangu yote.

#15 Mwalimu Chaki

5/7. Na usiguse hiyo ya mwisho, ni sahihi!

Ulikosea ukapata. Sema kwa Kiswahili: ajenti anasisitiza kila mpangaji alipe. Alipe, kwa -e mwishoni. Hatusemi "analipa", kwa sababu bado halijatendeka, linatakiwa litendeke. Kiingereza nacho kikiagiza hivyo, baada ya "insist, demand, suggest", huvua ile s: "that every tenant pay". Ndiyo ile ile ya "God save the King", Mungu amwokoe Mfalme. Kanuni yako ya a mbele, s nyuma, izimishe pale Kiswahili kinapoishia kwa -e. Siku hizi utaona Waingereza wengi wakiandika "pays" au "should pay", hawafungwi jela. Ila "pay" ni sahihi kabisa.

"I bought a new tap yesterday". Jana imetajwa, "have" nje.

Watoto wa nyumba ya 14 wanacheza, wa-, basi "play". Hii najua ilikotoka. Umeanza kuitafuta s kila mahali, na sasa unaipaka hata pasipo na kidonda. Wanafunzi wangu wote walipitia hapo wiki ya kwanza. Inaisha.

#16 Mswahili wa Eastleigh

Na "bulbs missing on the third floor" umeruka mbele ukarudi kama nilivyosema. Hongera ndugu yangu. Njoo Eastleigh nikupe punguzo la "trousers".

#17 MtunzaPloti · Jumamosi, saa mbili asubuhi

Tangazo jipya lilipanda jana jioni:

"The landlord, together with the agent, is coming on Saturday. A new tap has been bought. None of the tenants has paid for it. Whoever broke the old one should come to the caretaker."

Nilidamka saa kumi na moja kasorobo nimvizie mwenye kalamu. Nikachelewa tena. Duara moja tu, kwa "has". Ameandika "have" juu yake. Chini: "9/10, good improvement".

Mwalimu, ni nani yuko sawa?

#18 Mwalimu Chaki

Nyote wawili. "None of the tenants has" ndiyo walimu wa zamani kama mimi tulipigania, tukisema "none" ni "not one". "None of the tenants have" imeandikwa na waandishi wazuri kwa karne nyingi. Hata Kiswahili hakitakuamulia hapa: ukisema hakuna mpangaji aliyelipa ni mmoja, ukisema wapangaji wote hawajalipa ni wengi. Dai alama yako.

#19 Kasuku wa Kayole

Twende tukate rufaa! Lakini mwenye kalamu ni nani?

#20 MtunzaPloti · Jumamosi, saa tano

Nimemjua. Nilikuwa nafagia ngazi, nikamkuta msichana wa nyumba ya 14 amekaa hapo na daftari, gredi ya nane, kalamu nyekundu iko sikioni. Nikamuuliza habari ya "none". Akaniambia mwalimu wake alisema "have". Nikamwambia mwalimu wangu alisema zote mbili. Akafikiria kidogo, akachukua kalamu akashuka mpaka getini, akafuta 9 akaandika 9½. Nusu nyingine ameshikilia mpaka amuulize mwalimu wake Jumatatu.

Tumekubaliana tangazo la mwezi ujao analisoma yeye kabla halijabandikwa, malipo mandazi mawili. Mambo ya ule mfereji uliovunjwa, hakuna aliyekuja.